Mwenzetu kwa Kupimwa: Historia ya Imani ya Wapiga Kura katika Nchi ya Themi na Mlima Meru

Mto Themi, ambao huanzia katika miteremko ya Mlima Meru na kulikata jiji la Arusha kabla ya kuteremkia tambarare za kusini, unapita katika nchi ambayo kwa zaidi ya karne moja wakazi wake wamekuwa wakibishana juu ya nani anastahili kuwasemea wengine. Mabishano hayo yamebadilika sura mara nyingi, kutoka mabaraza ya rika hadi mikutano ya kampeni, lakini swali lake la msingi limebaki: kwa nini watu humpa imani yao kiongozi ambaye wanaamini kwamba anathamini yale wanayoyathamini wao? Maadili ya pamoja, kwa maana inayotumika hapa, ni yale mambo ambayo kiongozi na wafuasi wake wote huyaona kuwa ya thamani na ambayo hawako tayari kuyaona yakikanyagwa, iwe ni ardhi, haki ya kusikilizwa, usafi wa mikono katika mali ya umma au heshima ya nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba kura ya namna hiyo si kitu kingine ila ukabila uliopewa jina zuri. Historia ya Meru na Arusha haiungi mkono rai hiyo moja kwa moja, kwa kuwa inaonyesha zaidi ya mara moja ndugu wa damu akikataliwa na mgeni akikubaliwa. Kipimo ambacho wakazi wa nchi hii walikitumia katika nyakati zao za maamuzi makubwa kilikuwa kuangalia nani amekubali kupata hasara pamoja nao. Na matatizo ya siasa zao za karibuni yametokana kwa kiasi kikubwa na nafasi ya kipimo hicho kuachiwa alama za nje, ambazo mtu yeyote anaweza kuzivaa na kuzivua.

Sababu ya wapiga kura kutafuta mwenye maadili kama yao haiko mbali. Anayepiga kura leo hajui ni mambo gani yatakayozuka katika miaka mitano ijayo, wala hana nafasi ya kufuatilia kila uamuzi wa mbunge au diwani wake. Kwa hiyo humtafuta mtu ambaye, atakapokuwa peke yake mbele ya jambo lisilotarajiwa, ataamua kama ambavyo yeye mwenyewe angeamua. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ufasaha, alikwisha kueleza kwamba wasikilizaji hushawishika kwa tabia ya msemaji wanavyoiona, na si kwa hoja zake tu. Richard Fenno, mwanazuoni wa Marekani aliyeandamana na wabunge wa nchi yake majimboni mwao katika miaka ya 1970, aliona vilevile kwamba wabunge hao walitumia muda mwingi kuwaonyesha watu kuwa wao ni wenzao, kabla hata ya kutaja sera. Tofauti ya nchi ya Meru ni kwamba hapa "uwenzetu" huo ulikuwa na taratibu zake za kupimwa muda mrefu kabla ya sanduku la kura kuletwa.

Rungu na baraza

Waarusha, wanaozungumza Kimaa na kulima kahawa, migomba na mahindi upande wa magharibi na kusini wa mlima, hawakuwa na chifu kabla ya ukoloni. Mambo yao yaliendeshwa kwa koo na kwa marika, yaani makundi ya wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda ngazi za umri pamoja, kutoka umorani hadi uzeeni. Kila rika lilikuwa na msemaji wake, olaigwanani, ambaye alichaguliwa angali kijana baada ya wazee na wenzake kumtazama kwa muda: kama ana subira, kama anajua kusikiliza, kama hana doa, kama husema kweli hata inapomuumiza. Alama yake ilikuwa rungu jeusi. Rungu hilo halikumpa uwezo wa kuamuru; P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti kwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, alionyesha kwamba msemaji wa rika aliishi kwa kusuluhisha na kushawishi, na kwamba neno lake lilikuwa na uzito kwa muda ule tu ambao watu wake waliendelea kuliona kuwa neno lao.

Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na iko karibu na lugha za Kilimanjaro, walikuwa na Mangi, yaani chifu, kutoka ukoo wa Kaaya, lakini Mangi huyo hakutawala peke yake, kwa sababu koo nyingine, kama vile Mbise, Nnko, Pallangyo na Nanyaro, zilikuwa na viongozi wao walioitwa washili. Mshili alikuwa mwamuzi wa mashauri ya ukoo na mlinzi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na hadi leo mfumo huo unafanya kazi Meru sambamba na serikali za vijiji. Kwa watu wa pande zote mbili za mlima, basi, kiongozi hakuwa mtu wa mbali aliyehitaji kujitambulisha. Alikuwa mtu ambaye tabia yake ilikwisha kujulikana barazani.

Utawala wa Kijerumani uliuvuruga uhusiano huo. Baada ya wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, kuuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, majeshi ya Wajerumani yaliishambulia Meru na Arusha mara kwa mara, na Machi 1900 viongozi kadhaa wa nchi hizi walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa huko. Boma likajengwa Arusha, na machifu wakawekwa au kuthibitishwa kutoka humo ili wakusanye kodi na kutoa vibarua. Tangu hapo kiongozi alikuwa na mabwana wawili, watu wake na boma, na mtihani wake ulikuwa upande gani angesimama siku ambayo mabwana hao wangegombana.

Engare Nanyuki

Siku hiyo ilifika kwa Wameru tarehe 17 Novemba 1951. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi na kutoa ripoti yake mwaka 1947, ilipendekeza eneo lililo kati ya Kilimanjaro na Meru lifanywe ukanda mmoja wa walowezi wa Kizungu, na kwa ajili hiyo Wameru walioishi Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, waondolewe. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, na wakaelekezwa Kingori, eneo waliloliona kuwa la joto na homa. Wengi walikataa kwenda huko, wakakataa pia kupokea fidia, kwa hoja kwamba anayepokea fidia amekwisha kukubali kwamba kilichouzwa kilikuwa cha kuuzwa.

Katika mgogoro huo kipimo cha zamani kilirudi kwa nguvu. Mangi Sante, aliyetoka katika mfumo uliotambuliwa na serikali, alipoteza imani ya watu wake kwa kuwa waliona kwamba hakusimama nao, na hatimaye akaondoka madarakani. Katika miaka hiyo ya 1950 nafasi yake ilishikwa na Sylvanus Kaaya, aliyekubaliwa na Wameru wenyewe. Lakini walioaminiwa zaidi katika mgogoro huo walikuwa watu wasio na kiti cha enzi, hasa Kirilo Japhet, kiongozi wa chama cha raia wa Meru, ambaye mwaka 1952 alitumwa kwa michango ya Wameru hadi New York kuieleza kesi yao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, chombo kilichosimamia nchi kama Tanganyika ambazo zilikuwa chini ya uangalizi wa umoja huo. Aliyesimama pamoja naye alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, mtu ambaye hakuwa na ukoo wala shamba katika mlima huo.

Kesi haikushinda kwa hesabu ya kura. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako shauri lilifikishwa baadaye, iliwaunga mkono Wameru, lakini katika kikao cha Baraza zima azimio lilikosa theluthi mbili zilizohitajika. Hata hivyo Kirilo Japhet aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza yaliyotokea, na heshima yake ikakua badala ya kupungua. Jambo hilo ni la kuzingatiwa, kwa sababu kama wafuasi wangekuwa wanapima kiongozi kwa mafanikio peke yake, aliyeshindwa New York angepaswa kurudi mikono mitupu na kusahauliwa. Wameru waliangalia jambo lingine: kwamba amekwenda kwa niaba yao mahali ambapo serikali haikutaka aende, na kwamba alilolisema huko ndilo walilolisema wao vihambani. Wahenga walikwisha kusema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siasa ya Meru ya miaka ile ilikuwa tafsiri ya methali hiyo.

Kura tatu na mgombea wa Mbulu

TANU, chama cha kupigania uhuru kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliikuta nchi ya Meru ikiwa imekwisha kujifunza siasa. Mtihani wa kwanza wa sanduku la kura ulikuja mwaka 1958, katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulioendeshwa kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi yenye pengo ilihesabiwa kuwa imeharibika. Haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, hivyo wakulima wengi walibaki nje. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 TANU ilikata shauri, baada ya mjadala mkali, kushiriki uchaguzi huo na kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na msimamo wake.

Jimbo la Kaskazini, ambalo lilijumuisha Arusha, lilikuwa miongoni mwa yaliyopiga kura Septemba 1958, na mmoja wa waliochaguliwa kwa kuungwa mkono na TANU alikuwa Sophia Mustafa, mwanamke wa asili ya Kihindi aliyekuwa akiishi Arusha, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya njia iliyoifikisha Tanganyika katika uhuru. Wataalamu wa siasa hutofautisha uwakilishi wa kufanana, ambapo mwakilishi huchaguliwa kwa kuwa ana sura, lugha au asili ya wanaomchagua, na uwakilishi wa kutenda, ambapo huchaguliwa kwa kuwa anatenda wanayoyataka. Mfumo wa kura tatu ulibuniwa juu ya dhana ya kwanza, kwamba Mwafrika angewakilisha Waafrika na Mwasia angewakilisha Waasia. Wapiga kura wa kaskazini, wakiongozwa na TANU, waliutumia kwa maana ya pili.

Uchaguzi wa mwaka 1960 ulionyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, vingi vyake bila kupingwa, na kiti kimoja kilichobaki kilikuwa Mbulu, kusini-magharibi ya Arusha, ambako Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi na kumshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU. Alikuwa mwanachama wake, na alipofika bungeni aliendelea kuwa upande huo. Wapiga kura wa Mbulu walikubaliana na chama juu ya uhuru, wakakataa tu kuamuliwa nani ni mwenzao. Miaka 35 baadaye, katika Karatu iliyokuwa sehemu ya Mbulu hiyo, Dk. Willibrod Slaa alikatwa na CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, baada ya kura za maoni za mwaka 1995, akahamia CHADEMA, chama cha upinzani, na kushinda ubunge.

Maadili yaliyoandikwa

Tangu mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, chama hicho kilisimamisha wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na kampeni zilikatazwa kugusa kabila, dini au rangi na zikatakiwa ziendeshwe kwa Kiswahili. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wa chama hicho hicho na ilani moja, mpiga kura hakubakiwa na kitu cha kupima ila mtu mwenyewe, na matokeo yake hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa Arusha kwenyewe. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humo mwishoni mwa Januari 1967, katika jengo la Kaloleni ambalo sasa ni makumbusho, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Linakumbukwa zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda, lakini kwa mada hii sehemu yake nzito ni miiko ya uongozi, yaani makatazo yaliyomfunga kila kiongozi wa chama na serikali. Kiongozi alipaswa kuwa mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na katazo hilo lilimhusu pia mwenzi wake wa ndoa, ili mali isihamishiwe upande wa pili wa kitanda. Kwa mara ya kwanza kile ambacho wazee wa rika walikipima kwa kumtazama kijana miaka mingi kiliandikwa kama sharti ambalo mtu yeyote angeweza kulihakiki, kwani nyumba ya kupangisha ama ipo ama haipo.

Miiko haikuzuia kila uovu, wala haikuheshimiwa na kila kiongozi, lakini iliwapa wananchi lugha ya kumhukumu kiongozi. Edward Sokoine wa Monduli, aliyeingia bungeni mwaka 1965 na kuwa Waziri Mkuu mara mbili kabla ya kufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, anatajwa hadi leo kwa sifa ya kutojilimbikizia mali na kwa kampeni yake ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, na barabara kuu ya katikati ya jiji la Arusha ina jina lake. Mwaka 1991 CCM, kwa uamuzi uliopitishwa Zanzibar, ililegeza miiko hiyo na kuwaruhusu viongozi kufanya mengi yaliyokuwa yamekatazwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 iliwataka watangaze mali na madeni yao, lakini mwananchi huweza kulikagua daftari hilo kwa masharti tu. Kipimo kilichokuwa mikononi mwa watu kilihamia kabatini.

Gwanda na jina

Mageuzi ya mwaka 1992 yaliyoruhusu vyama vingi yaliikuta Arusha ikiwa mji wa wahamiaji. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu wakazi wake 32,452. Ile ya mwaka 2012 iliwakuta 416,442, wengi wao wakiishi kwa viwanda vya eneo la Themi, utalii, biashara ya madini na shughuli ndogondogo za mtaani. Katika mji wa aina hiyo hakuna baraza linaloweza kumjua mgombea tangu ujana wake, kwa hiyo wapiga kura walitafuta alama za haraka. Mwaka 1995 walimchagua Makongoro Nyerere, mwana wa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi, kwa tiketi ya chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, wakiunganisha jina lenye heshima na hamu ya mabadiliko.

Mwaka 2010 walimchagua Godbless Lema wa CHADEMA, na imani yao kwake iliimarika si siku ya kura bali baada yake, katika mgogoro wa umeya ambao tarehe 5 Januari 2011 ulizaa makabiliano ya polisi na waandamanaji na vifo vya watu watatu. Mahakama Kuu ilipotengua ubunge wake Aprili 2012 kwa madai ya lugha ya matusi katika kampeni, na Mahakama ya Rufani ilipomrudishia Desemba mwaka huo, wafuasi wake waliyahesabu yote hayo kuwa ushahidi kwamba amepata hasara kwa ajili yao. Mantiki hiyo haikutofautiana na ile ya Engare Nanyuki. Tarehe 1 Aprili 2012 Joshua Nassari, kijana wa CHADEMA, alishinda uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki dhidi ya Siyoi Sumari wa CCM, mtoto wa mbunge aliyefariki, katika kampeni ambayo ardhi ya mashamba makubwa ilikuwa hoja ya kila mkutano. Wameru walikataa kiti kigeuzwe urithi, jambo ambalo wangelitambua waliomkataa Mangi Sante.

Hata hivyo siasa hizo zilikuwa tayari zimeanza kutegemea mavazi. Gwanda la kaki la CHADEMA, vidole viwili vilivyoinuliwa na jina la "kamanda" vilitosha kumtambulisha mtu kuwa mpiganaji, hata kama hakuwahi kupigania chochote. Udhaifu huo ulifichuka mwaka 2015. Edward Lowassa, mbunge wa Monduli aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, alikuwa ametajwa na CHADEMA katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi iliyosomwa Mwembe Yanga, Temeke, Septemba 2007. Lakini CCM ilipokata jina lake Julai 2015 alihamia CHADEMA hiyo hiyo na kuwa mgombea wake wa urais. Slaa, aliyeisoma orodha ile, alijitoa. Wapiga kura wengi wa Arusha hawakujitoa: CHADEMA ilichukua majimbo sita kati ya saba ya mkoa, na nchini kote Lowassa alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97.

Kuieleza kura hiyo kwa ukabila peke yake hakutoshi, kwa kuwa nyingi kati ya kura hizo milioni sita hazikutoka kwa Wamaasai wenzake. Maelezo ya karibu zaidi ni kwamba maadili mawili yaligongana katika mtu mmoja. Wapo waliopima usafi wa mikono, wakamkataa. Wapo waliopima dhuluma, wakaona kwamba aliyekatwa bila kusikilizwa ni mwenzao katika kuonewa, na wakakumbuka pia shule za kata zilizoenezwa alipokuwa Waziri Mkuu. Miaka michache baadaye madiwani na wabunge wengi wa upinzani walihamia CCM kwa maneno ya "kuunga mkono juhudi" za Rais, Lowassa mwenyewe akarudi CCM mwaka 2019, na Nassari akafuata njia hiyo. Waliowaamini waliachwa na gwanda mikononi.

Historia hii haiwaonyeshi wapiga kura wa Meru na Arusha kuwa wajinga walioongozwa na hisia. Kumchagua mtu kwa maadili yanayoonekana kuwa ya pamoja ni njia ya busara ya kukabili mambo yasiyojulikana, mradi tu maadili hayo yawe yamepimwa. Pale ambapo baraza lilimjua mtu, pale ambapo hasara aliyoipata ilionekana wazi, au pale ambapo miiko iliandikwa na kuhakikiwa, watu wa nchi hii walichagua vizuri, hata walipochagua mtu wa mbali. Pale ambapo vipimo hivyo vilifungiwa kabatini, walibaki kuchagua vazi. Anayetaka kura bora Arusha, kwa hiyo, asianze kwa kuwalaumu wapiga kura. Aanze kwa kudai kwamba daftari la mali za viongozi lifunguliwe kwa kila mwananchi bila masharti, na kwamba anayeomba kura aulizwe mbele ya watu amewahi kupoteza nini kwa ajili ya hao anaowaita wenzake.